Ba Atavuka Daraja kwa Miguu Yake

Mwende,

Baba yako amelipima sanduku lako tena na ameniapia kwamba halijazidi. Habari za soksi, za dawa ya tumbo, za maji ya chupa na za kuitunza pasipoti ameshakuambia, tena kwa sauti ya kuwaamsha majirani, kwa hiyo hizo siziandiki. Kama kuna alichosahau, basi hakikuwa na maana. Mtu aliyezeeka akikaza nati za malori kule gereji hasahau kitu.

Mimi nataka tuzungumze habari ya Ba, huyu mama mzee ninayemtunza, na lile daraja. Najua unaijua. Imesimuliwa humu ndani mpaka imechakaa, na kila anayeisimulia ananicheka, nami nacheka pamoja nao, nitafanyaje. Lakini wewe umeisikia kama kichekesho, na kesho unaondoka na Ba mwenyewe kwenda mahali pale pale, Badrinath, kwenye hekalu lake la milimani India. Mkishuka, Ramesh atakuja Dehradun kumchukua Ba, mama yake, na wewe utabaki huko kwenye chuo chako cha uuguzi. Mimi nitakuwa hapa Maskati, Wadi Kabir. Kwa hiyo nisikilize sasa.

Nianze na lililoniuma, ili tulimalize. Ba alipotangaza kwamba mwaka huu anarudi Badrinath, nilitoa koti langu zito kabatini nikalibeba mpaka nyumbani kwake Ghubra kumwonyesha. Sikuwa nimeulizwa kama nitakwenda, wala sikuona haja ya kuulizwa. Nani mwingine angekwenda naye? Tangu Ramesh aniajiri nimtunzie mama yake, mimi ndiye miguu ya Ba, na masikio yake, na mara nyingine mdomo wake. Kazi ile niliipata kwa Kiswahili tu. Ba alizaliwa Mombasa kabla ya kuolewa huku Maskati, na alimwambia mwanawe kwamba hatatunzwa na mtu asiyeweza kugombana naye kwa Kiswahili. Basi tumegombana vizuri miaka yote hii.

"Hilo la nani?" akaniuliza alipoliona koti.

"Langu, Ba. La safari."

"Mimi nakwenda na Mwende. Wewe utanibeba tena, nakujua."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikarudi na koti langu, na kwenye teksi nililia, mpaka dereva akanipa karatasi za kupangusia macho akawa anasema taratibu, "Maalesh, mama, maalesh." Sasa koti limo kwenye sanduku lako. Litakubana mabegani lakini lina joto.

Safari ile ya kwanza ilikwenda vizuri mno, na ubaya ulianzia hapo. Tulitoka Rishikesh kwa gari la kukodi, tukapanda tukiufuata mto, na mto ulikuwa chini sana upande wa dirisha langu mpaka nikaacha kuutazama. Pale Devprayag dereva alitusimamisha tuone mito miwili inavyokutana, mmoja wa kijani na mwingine rangi ya chai ya maziwa, inakwenda bega kwa bega kwanza kabla ya kukubali kuchanganyika. Ba akaniambia, "Kama mimi na mama mkwe wangu." Mbele ya hapo mlima ulikuwa umemwaga mawe barabarani, tukangoja tingatinga nusu ya siku, na mahujaji wakashuka kwenye mabasi wakapika dengu kando ya njia kana kwamba hilo ndilo walilojia. Mimi ndiye niliyepata maji, mimi ndiye niliyepata kivuli, mimi ndiye niliyemtafutia Ba choo kwenye nyumba ya watu nisiowajua kwa lugha nisiyoijua. Tulipofika Joshimath nilikuwa nimevimba kichwa. Niliona hakuna kitu kwenye milima ile kitakachonishinda.

Mtu wa Machakos akiona mlima anadhani anaujua. Nimekua nikipanda na kushuka na mtungi, nikajua kupanda ni kupanda. Lakini Badrinath theluji iko juu yako hata mwezi wa tano, na hewa unaivuta haijai kifuani. Gari linafika mpaka mjini kwenyewe. Kutoka hapo si mbali: unapita katikati ya maduka ya shanga na mablanketi, unavuka daraja juu ya mto, unapanda ngazi, unapita chemchemi ya maji moto ambapo mahujaji huoga kwanza, na hekalu hilo hapo, limepakwa rangi kali nyekundu na njano na buluu. Msichana kama wewe atatembea hapo akipiga gumzo. Kwa Ba, safari nzima ilikuwa hapo.

Alikuwa ameniambia. Watu wanaosimulia kisa hiki hulisahau hilo, au wananihurumia. Jioni moja Joshimath, akiwa amejifunika shali, aliniambia kwamba Ramesh alipokuwa mtoto mchanga aliugua mpaka wakamkatia tamaa, na mumewe akaweka nadhiri: mtoto akipona, yeye na mkewe watakwenda Badrinath, na kuanzia mwanzo wa daraja mpaka ndani ya hekalu watatembea kwa miguu yao, bila viatu. Mtoto akapona. Duka likakua, wakazaliwa wengine, kila mwaka wakasema mwaka ujao, mwishowe mume akafa. "Nadhiri ya wawili imeniangukia mimi," Ba akasema. Nikamwambia ndiyo Ba, ndiyo, huku nikihesabu vidonge vyake. Nilimsikia kama anavyosikizwa mgonjwa.

Kesho yake, katikati ya yale maduka, akasimama. Akaweka mkono kifuani, akafunga macho, akawa anapumua. Hakuwa anaumwa. Leo ninajua, baada ya miaka ya kuwaangalia wazee wanavyopumua, kwamba alikuwa amechoka kidogo na alikuwa anajikusanya. Lakini mimi niliona foleni inarefuka, nikaona baridi, nikaona simu ya Ramesh inalia nami nina maiti mikononi. Hapo ndipo nilipomwona yule mpagazi.

Umewaona wanawake wa kwetu wanavyobeba kuni, mzigo mgongoni na ukanda umepita kwenye paji la uso. Mpagazi yule, mwanamume mfupi wa Nepali, alikuwa na kapu mgongoni na ukanda wake umepita kwenye paji la uso vile vile. Tangu tutoke Maskati sikuwa nimeona kitu hata kimoja cha kwetu, mara nauona ukanda wa mama yangu. Nilimwamini papo hapo, hata jina sikumuuliza. Mtu mwingine angeona kapu la kubebea wazee, akafikiri mara mbili. Nikamwita kwa mkono, akachuchumaa, nikamnyanyua Ba nikampakia.

"Niteremshe," Ba akasema. "Kamene, niteremshe."

"Ni hapo tu, Ba. Tunafika."

"Sikuja hapa kubebwa kama gunia la mbaazi. Niteremshe, nakwambia."

Alisema kwa Kiswahili, na darajani pale hakuna aliyekijua isipokuwa mimi. Watu walimtabasamia, wengine wakamgusa miguu kuomba baraka zake. Kwenye kapu lile abiria hukaa akitazama nyuma, kwa hiyo Ba alilivuka daraja lote akinitazama mimi, nami nafuata huku nikimwambia asijitikise. Hakulia. Afadhali angelia.

Alipoteremshwa alikwenda akakaa kwenye ukingo wa mawe karibu na ile chemchemi. Nikamwambia haya Ba, tuharakishe, foleni imepungua. Akaniambia, "Mimi nimeletwa. Sijaja." Tukakaa hapo, mvuke wa maji moto ukitupita, watu wakiingia na kutoka na mashada yao ya mrihani, na Ba hakuinuka. Baadaye akaomba viatu vyake, vile alivyonipa kule madukani. Alikuwa ametoka Maskati mpaka mlangoni kwa Mungu wake, na aliondoka bila kuingia, kwa sababu ya mtu aliyempenda akamfanyia haraka.

Alinisamehe. Njiani kurudi, tuliposimama Pipalkoti, alidai chai kisha akanigombeza kwamba sukari ni kidogo, nikajua tumepatana. Tangu hapo neno moja ndilo dawa yake. Nikimharakisha kula, "usinibebe". Nikimzimia televisheni, "usinibebe". Hata Ramesh akibishana naye juu ya biashara huambiwa hivyo hivyo.

Nimefikiri sana kwa nini niliwahi hivyo kumpakia. Hofu ilikuwepo, na kiburi cha kazi kilikuwepo, hayo umeyajua. Lakini mwaka ule bibi yako alikuwa kitandani Machakos, shangazi yako akimgeuza ubavu huu na ule, na mimi nikituma pesa. Sikumbeba mama yangu hata siku moja. Nilipouona ule ukanda, nadhani nilitaka kumbeba mama wa mtu, yeyote, basi wa karibu akawa Ba. Huruma hiyo ilikuwa yangu, na gharama yake akailipa yeye. Ninalisema bila aibu kwa sababu nimeshalia vya kutosha na nimejifunza kazi.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Chuoni watakufundisha kwa majina makubwa, wacha nikutangulie. Ukitembea na mzee, simama upande wake ulio dhaifu, kwa Ba ni kushoto, nusu hatua nyuma yake. Mpe mkono wako aushike yeye. Usimshike wewe. Ukimshika unamvuta bila kujua, na mguu wake unaanza kuufuata wako, na hapo ndipo wazee wanapoanguka. Akikushika yeye, wewe ndiye unayemfuata. Akisimama, simama, halafu utazame kitu kingine, asidhani unamngoja. Milima ya kutazama haitakosekana. Mimi nilichukua muda mrefu kujifunza kusimama tu. Nilikuwa nikisimama, naanza kupanga shali yake, kumfuta pua, kumwuliza Ba vipi, Ba maji. Siku moja kwenye korido ya hospitali aliniambia, "Kamene, hata ukinyamaza wapiga kelele."

Sikuambii uwe mjinga. Daktari amemruhusu, kwa sharti mkae Joshimath kwanza mpaka mwili uizoee hewa. Midomo ikibadilika rangi, kichwa kikimuuma hata akiwa amekaa, akianza kulisahau jina lako, mbebe. Mpakie kwenye kapu, mpakie kwenye gari, shuka naye chini, wala usiombe ruhusa. Akikutukana kwa Kigujarati mwitikie ndiyo Ba. Siku ya kubeba kweli utaijua, kwa sababu hutapata nafasi ya kufikiri watu watasema nini. Mimi siku ile nilipata nafasi hiyo, tena kubwa.

Ramesh atakupigia simu. Ameshapanga watu wa kiti, wale wanaomwinua mzee mabegani kwenye kiti cha miti, na amekuagiza umkalishe Ba humo tangu mlango wa gari. Ni mtu mwema, na tangu mama yake akate shauri hajalala vizuri. Usimdanganye. Mwambie kwa heshima, "Anko, Ba anatembea na mimi niko naye." Watu wa kiti waambie wafuate nyuma, kiti kitupu, wasipite mbele yake. Yeye Ramesh ndiye yule mtoto aliyewekewa nadhiri, na nadhani hofu yake inatoka hapo: mama yake akidhurika, atakuwa amedhurika kwa ajili yake. Hilo usimwambie. Mimi nimeshamwambia. Kazini hajanifukuza.

Kanisani nako wameniuliza, ati mtoto tuliyemwombea hapa anakwenda kuzunguka mahekalu ya Wahindi? Nimewajibu kwamba unamsindikiza mzee wako, na mzee ana ahadi na Mungu. Wewe huingii ndani. Sisi si wa dini yao, mlango ni wao, na mgeni haulizi kwa nini mlango wa watu uko hivi au vile. Mkanda wa ngozi uache garini, kwao ngozi ya ng'ombe ni mwiko hekaluni. Kaa nje na viatu vya Ba, na kama unataka kuomba, omba kwa namna yako. Mimi niliomba pale, tena sana, sikuona kama nimezuiwa na yeyote.

Ila ujue hapo mlangoni Ba ataachia mkono wako. Nimekufundisha yote haya, na hatua za mwisho hutakuwepo. Ataingia katikati ya umati, mdogo hivyo, na utauona mgongo wake kisha hutauona. Nakuambia mapema ili usishtuke ukaita watu. Mwonyeshe kwa mkono mama yeyote aliye nyuma yake. Wanawake wa safari ile hushikana hata wasipojuana.

Sasa wewe.

Unaikumbuka siku ya usaili wako, mwalimu wa chuo yuko kwenye kompyuta, wewe umekaa hapo mezani na gauni la kanisani? Akakuuliza kwa nini unataka uuguzi. Ukanyamaza kidogo. Mimi jikoni kimya kile nikakiona kirefu kama mwaka, nikajibu nyuma ya mlango, kwa Kiingereza changu hiki, kwamba huyu mtoto anawapenda wagonjwa tangu utotoni. Mwalimu akauliza, "Na huyo mwingine ni mwanafunzi pia?" Ulicheka naye vizuri, ukainuka, ukaja ukaufunga mlango wa jikoni taratibu. Ulichomjibu baada ya hapo sikukisikia, na ndicho walichokuchukulia. Mpaka leo sijakuuliza. Kila siku nataka kukuuliza.

Baba yako alisema nimekuaibisha. Wewe ulisema haidhuru, Mama. Nilimsimulia Ba pia. Alinitazama tu, na wiki ile ile ndipo alipomwambia Ramesh kwamba anakwenda na wewe. Nilidhani ananiadhibu. Sasa nimeelewa kwamba alitafuta mtu anayejua kufunga mlango bila kuubamiza.

Kwa hiyo sina wasiwasi na daraja. Ba atavuka. Namjua mwanamke yule, na wewe nimekuzaa mwenyewe. Ikitokea amefika katikati akasema imetosha, geuka naye, upande wake wa kushoto vile vile, na mrudi mnywe chai. Usiniletee simu ya kuomba radhi. Nadhiri ni yake, kuitimiza ni kwake na kushindwa nayo ni kwake, wala haitakuwa aibu yako hata kidogo.

Kesho ngazi utashuka na sanduku lako mwenyewe. Baba yako nimemkataza na amenuna. Huko Dehradun itakuja siku utasimama katikati ya jambo, mtihani, au mgonjwa wako wa kwanza kukufia, au upweke tu wa Jumapili, na utafunga macho upumue. Nitajua kwa sauti yako kwenye simu. Nitataka kuja. Nimeshauliza nauli, na baba yako ameshaniambia, "Khalas, Mama Mwende, mwache mtoto." Nitakaa hapa, na itaniuma, na sitakuja mpaka uniite. Ukiniita, sitauliza kwa nini.

Mama yako,
Kamene